Disiki za Mwenda na gitaa la bati

Leo ukitaja Misisi mbele ya mtu wa Uvira au wa Bukavu, atakuuliza bei ya dhahabu. Misisi niliyokulia mimi haikuwa na mashimo haya, wala mashine za kusaga mawe zinazonguruma mchana kutwa. Ilikuwa nyumba chache za nyasi, jirani na Lulimba, kwenye njia inayotoka Fizi kuelekea Albertville, mji tunaouita Kalemie siku hizi. Watu walilima mihogo na karanga, wakawinda, na jioni wanaume walikutana kwenye lubunga, kibanda cha mazungumzo cha ukoo, kama ilivyo desturi yetu Wabembe. Kwenye lubunga yetu ndiko nilikomsikia mpiga gitaa Mwenda Jean-Bosco kwa mara ya kwanza, katikati ya miaka ya 1950, nikiwa bado mtoto wa kutumwa maji.

Sikuwahi kumwona Mwenda kwa macho. Ninachoweza kushuhudia ni jinsi disiki zake zilivyofika kwetu, zilivyotugeuza, na zilivyopotea. Waliomjua Likasi na Lubumbashi wamesema yao, na wataalamu wa Ulaya wameandika yao. Upande wa Fizi hakuna aliyeandika, na sisi tuliosikia wakati ule tumebaki wachache.

Gramafoni aliileta baba mkubwa. Alikuwa kuli kwenye bandari ya Albertville, na kila alipopewa likizo alirudi nyumbani na chumvi, vitenge na habari. Mara hiyo alishusha pia sanduku la mbao lenye mpini wa kuzungusha, na blanketi alilokuwa amelikunja kwa uangalifu kuliko nguo zake zote. Ndani ya blanketi mlikuwa na disiki, zile nzito nyeusi za mizunguko 78 kwa dakika, ambazo zikianguka zinavunjika kama chungu. Kila upande ulitoa wimbo mmoja wa dakika tatu hivi. Sindano zilikuwa za chuma na zilitakiwa kubadilishwa kila mara. Za kwetu zilipokwisha makali tulizinoa kwenye jiwe la kunolea visu, tukaendelea.

Baba mkubwa alikuwa na disiki za namna nyingi. Kulikuwa na rumba za Wakuba, kulikuwa na Mzungu mmoja aliyeimba na gitaa huku akipandisha sauti ghafla puani na kuishusha, nami baadaye sana ndipo nilipojua kwamba alikuwa mmoja wa waimbaji wa shamba wa Marekani, wanaoitwa waimbaji wa kantri. Muziki wao ulikuwa umeenea Afrika Mashariki kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1950, huko Kapkatet, Kenya, wasichana wa Kikipsigis walirekodiwa wakimwimba Jimmie Rodgers, Mmarekani aliyefariki 1933 bila kukanyaga Afrika, kwa sababu tu walikuwa wamesikia disiki zake. Lakini pale lubunga Mzungu huyo aliwekwa mara chache. Disiki iliyorudiwa mpaka ikakwaruzika ilikuwa ile ya Mwenda, iliyoandikwa Masanga.

Wazee walibishana juu yake usiku mzima. Hoja ilikuwa moja: wanaopiga ni wangapi? Ulisikika mkono unaotembea chini bila kusimama, tena ulisikika mwingine unaocheza juu, unachelewa, unakimbia, unajibu. Baba mkubwa mwenyewe alisema ni wawili, na kwamba bandarini kila mtu anajua hivyo. Aliyekataa ni binamu yangu, mtoto wake wa kwanza, tuliyemwita Yaya sote kwa kuwa ndiye mkubwa wetu. Alikuwa na miaka kumi na saba au kumi na minane. Akasema huyu ni mtu mmoja, na akaenda kutengeneza gitaa ili awaoneshe.

Gitaa lile nalikumbuka vizuri kuliko nyumba niliyozaliwa. Kifua chake kilikuwa bati la mafuta ya petroli, shingo ni ubao uliochongwa kwa kisu cha kuchunia, na nyuzi zilitokana na waya wa breki ya baiskeli, uliofunguliwa uzi mmoja mmoja. Kwa uzi mnene alisuka nyuzi mbili pamoja. Alipotaka kupandisha sauti ifuate ya kwenye disiki, alilaza kipande cha mti shingoni na kukifunga kwa kamba ya ngozi. Wenye bahati walitumia penseli. Alizungusha mpini wa gramafoni, akasikiliza kipande kidogo, akaondoa sindano, akatafuta nyuzini, akarudisha sindano. Mama yake alimlilia kwamba atamaliza disiki ya baba. Aliimaliza kweli: pale katikati ya Masanga sindano ilichimba mfereji, na tangu hapo wimbo uliruka mahali pamoja.

Siri aliyoigundua ndiyo ile ambayo wataalamu walikuja kuichora kwenye karatasi miaka iliyofuata. Mwenda alitumia vidole viwili tu vya mkono wa kulia. Kidole gumba kilishika nyuzi nene na kwenda kwa mwendo wake kama mtu anayetwanga, na kidole cha shahada kilipiga nyuzi nyembamba kikiimba kitu kingine kabisa. Ugumu hauko kwenye kasi. Ugumu uko kwenye kukiachia kidole cha shahada kichelewe au kitangulie bila gumba kuyumba. Yaya alinishika vidole vyangu nikiwa mdogo akavigongesha gotini kwake, kimoja hivi, kimoja vile, mpaka nikaelewa mwilini. Mtaalamu wa muziki David Rycroft alichapisha mwaka 1961 na 1962 uchambuzi mrefu wa mipigo hiyo, noti kwa noti. Yaya hakujua kuna noti. Lakini siku alipokaa katikati ya lubunga akapiga Masanga peke yake, kwa gitaa la bati, wazee walinyamaza, kisha baba mkubwa akasema kwa Kibembe maneno ya kumkubali, na mabishano yakaishia hapo.

Mwenda huyo alikuwa nani? Alizaliwa mwaka 1930 Bunkeya, Katanga, na ni mtu wa Wayeke. Bunkeya ulikuwa mji mkuu wa M'siri, mfalme aliyeuawa na msafara wa Stairs mnamo Desemba 1891. Wayeke wenyewe asili yao ni upande wa Unyamwezi, Tanzania ya leo. Walifika katikati ya karne ya 19 wakifuata shaba na pembe, na Mwenda ni jina la ukoo huo wa kifalme. Kwa hiyo mtu huyu alitoka kwenye watu wa njia za biashara, zile zile zilizoleta Kiswahili Ujiji, kikavuka ziwa, kikatufikia sisi na kuendelea mpaka kwenye migodi ya shaba. Kijana huyo alihamia Jadotville, yaani Likasi, mji wa kampuni na moshi, mji wa watu waliotoka kila kabila na kukutana kwa Kiswahili.

Huko ndiko Hugh Tracey alikomkuta mwaka 1952. Tracey alikuwa Mwingereza aliyezunguka Afrika ya kusini, ya kati na ya mashariki na mitambo ya kurekodi, akishika maikrofoni kwa mkono wake mwenyewe mbele ya mpigaji, akiisogeza karibu na mdomo au karibu na nyuzi kadiri sikio lilivyomwambia. Alimsikia kijana anapiga gitaa barabarani, akamrekodi. Masanga ya mwanzo haikuwa na maneno, gitaa tupu. Mwaka huo huo ikapewa Tuzo ya Osborn kama rekodi bora ya muziki wa Kiafrika. Disiki zikatolewa na kampuni ya Gallotone ya Afrika Kusini, zikasafiri kwa reli na kwa meli, zikafika mpaka kwenye blanketi la baba mkubwa. Fikiria urefu wa safari hiyo: sauti inatoka Jadotville, inashuka hadi Johannesburg, inageuzwa kuwa sahani nyeusi, inapanda tena hadi Albertville, na mwisho inabebwa kichwani kupanda vilima kuja Misisi.

Mbali na ile ya gitaa tupu kulikuwa na za kuimba: Bombalaka, Mama na Mwana, Watoto Wawili, Tambala Moja, na nyingine nyingi. Hapa nataka kusema jambo ambalo vijana wanaosikiliza nyimbo za leo hawawezi kulihisi. Kiswahili tulichokuwa tumesikia kikitoka kwenye chombo cha Mzungu kilikuwa cha amri au cha mahubiri. Kilituambia tulipe kodi, tulime shamba la lazima, tutubu. Sasa chombo hicho hicho kilitoa Kiswahili chetu, cha Kongo, kisicho na adabu za pwani, kinachosema juu ya ndugu na ndoa, juu ya pesa na pombe, juu ya kijana aliye mbali na kwao. Mtu mmoja, gitaa moja, na mambo ya nyumbani. Hakuwa na bendi iliyomwajiri, hakuwa na bwana aliyemtungia maneno. Alitunga, akapiga, akaimba mwenyewe, na alipoondoka mahali wimbo wote uliondoka naye. Sisi watu wa vijijini tulielewa mara moja kwamba kazi ya namna hiyo inawezekana hata mahali pasipo na umeme.

Ndivyo Yaya alivyoanza kutunga. Mwanzoni aliiga. Mwaka haukupita akawa na zake. Alitunga wimbo juu ya mto Mutambala ulipofurika na kuwazuia watu wa Baraka wasivuke. Alitunga juu ya mwanamke wa Baraka aliyeuza ndagala na kukataa kukopesha hata shemeji yake. Wimbo huo mama huyo aliupenda sana, na kila Yaya aliposhuka ziwani alipewa ndagala bure. Alikuwa na wimbo mmoja mrefu juu ya monita wa kilimo, yule aliyekuwa akipima mashamba yetu kwa kamba na kuwafunga waliopungukiwa. Huo aliupiga usiku tu, na watoto tulikatazwa kuuimba njiani. Mpigo wake ulikuwa wa Mwenda, lakini alikuwa ameupunguza mwendo, akaingiza ndani yake namna tunavyoitikia sisi Wabembe kwenye ngoma za tohara, kundi likijibu baada ya mmoja. Hakuna mtu mwingine niliyemsikia akipiga hivyo, si Kalemie, si Kigoma, si kwenye redio.

Mwenda naye alikuwa anaendelea mbele. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alifika Nairobi, akifuata nyayo za Edouard Masengo, mpiga gitaa mwenzake wa Katanga. Aliyewaita ni Peter Colmore, Mzungu wa Nairobi aliyekuwa na shughuli za burudani na matangazo. Nyimbo za Wakatanga hao zikatumika kutangaza dawa na soda redioni. Watu wengine wanaona hiyo ni aibu kwa msanii. Mimi sioni hivyo. Redio ya Nairobi ilisikika usiku kwenye mawimbi mafupi, na kwa sababu ya matangazo hayo wapigaji wa Kenya walimsikia kila juma, wakabadilika. Magharibi ya Kenya tayari kulikuwa na vijana wapiga gitaa kama George Mukabi, mwenye kusindikizwa na chupa ya soda iliyokwaruzwa kwa chuma; mpigo wa vidole viwili ulienea huko kama ulivyoenea kwetu.

Uhuru ukaja Juni 1960, na Julai Katanga ikajitenga. Kujitenga kulikwisha Januari 1963, na sisi watu wa Fizi hatukupumzika. Mwaka 1964 maasi ya Simba yakaanza upande wa Uvira na Fizi. Juni Albertville ikaanguka. Aprili 1965 Che Guevara na Wakuba wake walivuka kutoka Kigoma wakashukia Kibamba, na Juni walishambulia Bendera, penye mtambo wa umeme, kwenye barabara ya kutoka kwetu kwenda Albertville. Wakuba waliondoka Novemba. Kabla ya hapo mamluki wa Mike Hoare walikuwa wameteremka Baraka. Hayo yameandikwa kwenye vitabu vingi. Lisiloandikwa ni kwamba Misisi iliungua, na gramafoni iliungua ndani ya nyumba ya baba mkubwa.

Disiki tulikuwa tumezizika. Yaya alichimba shimo chini ya mgomba, akazifunga kwa turubai na majani, tukakimbilia msituni, kisha ziwani, kisha Kigoma kwa mtumbwi. Gitaa la bati lilibaki. Miaka kadhaa baadaye mtu mmoja wa ukoo alirudi akalifukua lile shimo akakuta maji yalikuwa yameingia. Karatasi za katikati zilikuwa zimeoza na sahani nyingi zilikuwa zimepinda. Ile ya Masanga ilivunjika vipande viwili alipokuwa anaitoa.

Kigoma kulitufundisha kitu. Tulidhani Mwenda ni wetu sisi wa Kongo. Kumbe wavuvi wa Ujiji nao walimwimba, na makuli wa reli ya Tabora, kila mmoja akiamini ameimbwa kwao. Yaya alipata gitaa la kweli kwa kufanya kazi ya kubeba mizigo kwenye meli, na kwa mara ya kwanza nikasikia nyimbo zake kwa nyuzi halisi. Wimbo wa monita wa kilimo aliuimba mchana kweupe. Watu wazima walilia.

Wakati huo, bila sisi kujua, Mwenda alikuwa Marekani. Julai 1969 alipanda jukwaani Newport, kwenye tamasha kubwa la muziki wa jadi na wa gitaa lisilo la umeme. Tamasha lile lile, mwaka ule ule, mwimbaji wa kantri Johnny Cash alimpandisha jukwaani kijana aliyekuwa hajulikani bado, Kris Kristofferson, mtunzi wa nyimbo za kantri. Nikifikiria tarehe hiyo nafurahi sana. Waimbaji wa shamba wa Marekani waliokuwa kwenye sanduku la baba mkubwa, na mtu wa Bunkeya aliyekuwa kwenye sanduku hilo hilo, walikutana hatimaye uwanja mmoja, na huyu wa Bunkeya hakwenda kama mwanafunzi wao.

Nilirudi Kongo mwanzoni mwa miaka ya 1970, nikapata kazi Kalemie. Nchi ilikuwa imekuwa Zaire, Katanga imekuwa Shaba, na majina ya Kizungu yamepigwa marufuku. Jean-Bosco akawa Mwenda wa Bayeke. Muziki nao ulikuwa umegeuka. Orkestra za Kinshasa, zenye magitaa ya umeme na Kilingala, zilijaza baa zote, hata zetu za ziwani ambako watu hawakujua Kilingala. Ulikuwa mzuri, sikatai, nimeucheza. Lakini mtu mwenye gitaa moja alianza kuonwa kuwa masikini aliyekosa bendi. Jina la Mwenda lilitajwa na wazee, pamoja na Masengo na Losta Abelo, vijana wakitikisa kichwa.

Ajabu ni kwamba wageni ndio waliokuja kumtafuta. Mwaka 1979 Mwingereza John Low, mpiga gitaa, alisafiri mpaka Shaba kujifunza kwa Mwenda, Masengo na Abelo, akaandika kitabu cha safari hiyo kilichotoka Vienna mwaka 1982. Mwaka huo huo Mwenda alizunguka Ulaya akipiga. Mwishoni mwa miaka ya 1980 alirekodi tena Cape Town, studio nzuri, sauti safi, nyimbo za zamani kwa mkono wa mtu mzima. Mpiga gitaa yeyote asikilize rekodi hizo baada ya zile za 1952. Gumba ni lile lile. Kidole cha shahada ndicho kimeacha haraka ya ujana, kinachagua.

Septemba 1990 alifariki katika ajali ya gari huko Zambia. Habari ilifika Kalemie kupitia madereva wa malori, na sikumbuki kusikia redio ikisimamisha kipindi kwa ajili yake. Zaire ilikuwa na shida nyingine mwaka ule. Rekodi ya Cape Town ilitolewa Marekani mwaka 1994 na kampuni ya Rounder, akiwa ameshazikwa.

Jambo la pesa lisipite hivi hivi. Katika miaka ile ya 1950 desturi ya biashara ya disiki Afrika ilikuwa kumpa mwimbaji kiasi kidogo mara moja, akaenda zake, na wimbo ukabaki mali ya aliyeshika mashine. Sauti zilizunguka bara zima na wenye sauti hawakujua zimeuzwa ngapi. Hilo lilikuwa dhuluma, na nalisema nikiwa mtu niliyefaidika nalo, kwa sababu bila disiki hizo nisingejua kitu. Hata hivyo nimeishi muda mrefu nikaona dhuluma ya pili, iliyo kubwa kuliko ya kwanza: kutorekodiwa kabisa. Nimeiona kwa Yaya.

Yaya alifariki Kalemie mwaka 1983. Maishani mwake alirekodiwa usiku mmoja tu, kwenye matanga ya jirani, na mtu aliyekuwa na redio ya kaseti. Nilikuwepo. Alipiga mpaka karibu na alfajiri: Mutambala, mama wa ndagala, monita, na nyingine alizotunga Kigoma juu ya watu waliosubiri mtumbwi wa kuwarudisha. Kaseti zilijaa mbili. Tulizisikiliza wiki kadhaa, zikaazimwa, zikazunguka mtaa. Alipofariki nilikwenda kuzidai kwa mwenyewe. Akaniwekea kaseti ya kwanza, ikatoka orkestra ya Kinshasa. Akageuza upande, orkestra. Ya pili, vilevile. Watoto walikuwa wamerekodi juu yake, maana kaseti mpya ilikuwa ghali. Mwenye kaseti alikaa chini akashika kichwa, na sikuwa na neno la kumwambia.

Mimi nazikumbuka nyimbo nne za Yaya, si kamili. Vidole vyangu sasa haviwezi kuzipiga kama alivyonifundisha. Wimbo wa Kigoma nimebaki na kiitikio peke yake. Mtu mwenye kipawa kama kile, aliyechukua mpigo wa Katanga akaufanya wa Wabembe, angekutana na maikrofoni kwa nusu saa tu tungekuwa na ushahidi kwamba Fizi nayo ilikuwa na mtindo wake. Vita vya 1996 na vilivyofuata vilimaliza karibu wote waliomsikia. Wanaojua historia ya gitaa la Kongo watasema Fizi ilipokea tu kutoka Katanga, na mimi sina cha kuwaonesha.

Nimerudi kuishi Misisi, kwa mjukuu anayeuza vifaa vya uchimbaji. Jioni, vijana wakitoka mashimoni, wengine wana magitaa ya Kichina, na wapo wanaotunga: juu ya shimo lililobomoka, juu ya mwenye shimo aliyekimbia na pesa, juu ya msichana aliyekwenda Bukavu. Majuzi nilimsikia mmoja kwenye kibanda cha kuchajia simu akipiga kwa vidole viwili. Nilimuuliza amejifunza wapi, akasema kwa babu yake, Lubondja. Hajapata kusikia jina la Mwenda. Nikamwomba anitafutie Masanga kwenye simu yake, akaipata hapo hapo, ile ya 1952. Aliisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza wanaopiga ni wangapi.

Basi ombi langu ni hili, kwa vijana wa Misisi, Lulimba, Fizi na Baraka, na kwa ndugu zetu walioko kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu na ng'ambo. Kila mmoja wenu ana mfukoni mashine nzuri kuliko ile ya Tracey. Nendeni kwa wazee wapiga gitaa waliobaki, mkae nao mahali pasipo na kelele za mashine, mrekodi wimbo mzima bila kuukata. Mwanzoni mwa rekodi mseme jina la mtunzi, kijiji chake na mwaka. Wekeni nakala kwa watu watatu wanaokaa miji tofauti. Na kama nyumbani kwenu, Uvira au Kalemie au Kigoma, kuna disiki nyeusi juu ya dari, msiitupe kwa kuwa gramafoni hakuna. Iandikeni jina na namba iliyo katikati yake, mnijulishe.